Madhabahu ya Nyumbani

Somo: 1 Samweli 7:15–17



Somo letu la mwezi huu ni fupi, na msomaji hulipita upesi, maana latanguliwa na habari kubwa ya Mispa na jinsi Bwana alivyowashinda Wafilisti mbele ya Israeli. Baada ya habari ya vita, Maandiko yatueleza mwendo wa Samweli wa siku zote. Kila mwaka alitoka akazunguka Betheli, na Gilgali, na Mispa, akiwaamua watu wa Mungu katika miji hiyo. Mzunguko ulipokwisha alirudi Rama, kwa kuwa huko ndiko alikokuwa na nyumba. Huko nako aliwaamua watu, na huko alimjengea Bwana madhabahu.

Angalieni jinsi mambo yalivyopangwa. Miji mitatu ya safari imetajwa kwa majina tu. Bali kwa habari ya mji wa nyumbani twaambiwa mambo matatu: Samweli alikuwa na nyumba Rama, alikuwa na kazi Rama, tena alikuwa na madhabahu Rama. Hayo matatu twataka kuyafuata, kila moja kwa zamu yake.

Sisi tukaao miteremkoni mwa Kilimanjaro twaujua mwezi wa Desemba. Mabasi yaja yamejaa watu kutoka Dar es Salaam, mwendo wa kilometa zipatazo 550, na mengine kutoka Arusha na Nairobi na Mwanza. Barabara za Machame na Marangu na Mwika hujaa magari. Nyumba zilizofungwa tangu Januari hufunguliwa madirisha, moshi hufuka katika kila kihamba, na makanisa yetu hukosa nafasi hata watu husimama nje chini ya miti. Ni furaha kubwa, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Mtu akumbukaye makaburi ya baba zake, na kuja kumsalimu mama yake, hajapotea.

Lakini katika siku hizo hizo twasikia na maneno mengine. Mwana aliyerudi aonja kiburu alichopikiwa na mama yake, akauliza, Je, bado mnakula haya haya? Mume aitazama mikono ya mkewe iliyopasuka kwa jembe, kisha aanza kusimulia habari za wanawake wa mjini. Msichana aliyesoma mbali akataa kuketi jikoni kwa sababu ya moshi. Msharika aliyezoea kanisa la mjini lenye vyombo vingi vya muziki acheka uimbaji wa mtaa wake, amcheka na mwinjilisti mzee aliyemfundisha Amri Kumi alipokuwa mtoto.

Hao husema kwa mzaha, na kesho yake wamesahau. Waliosemwa hawasahau. Januari yafika, mabasi yaondoka, na nyumbani hubaki mama anayeona haya kwa ajili ya chungu chake, na mke anayeona haya kwa ajili ya mikono yake, na mtoto wa miaka kumi aliyekwisha kujifunza ya kuwa nyumbani ni mahali pa watu walioshindwa. Ndugu, hilo si jambo dogo. Mtoto huyo atangoja siku ya kuondoka, na siku zote za kungoja kwake hatazihesabu kuwa ni maisha.

Hatusemi ya kwamba safari ni mbaya. Ibrahimu aliitwa atoke kwao. Paulo alivuka bahari mara nyingi. Injili yenyewe ilikuja kwetu kwa miguu ya wasafiri, maana wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Reli ya kutoka Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, vijana wa huku walipata njia ya kwenda pwani na kwenye mashamba ya mkonge. Katika Vita Kuu ya Pili askari wa Afrika Mashariki walivushwa bahari mpaka Madagaska mwaka 1942, na mpaka Burma mwaka 1944. Baada yao wametoka wengi kwenda kusoma, kufanya biashara, kutibiwa, na kuhubiri. Asiyetoka hajui vingi, nao wahenga walisema, Tembea uone.

Wahenga hao hao walisema tena, Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ni neno la mabaharia. Baharia aenda nyuma ya chombo, aenda na mbele, lakini mwisho hana budi kushuka ngamani, chini kabisa, mahali maji yanapoingia na kutekwa kila siku ili chombo kisizame. Ngamani hapapendezi macho. Lakini pakiachwa, hakuna tezi wala omo.

Jambo la kwanza: Samweli alikuwa na nyumba Rama.

Kusafiri hutupa macho. Mambo tuliyoyazoea hatuyaoni tena, na Mungu hutuondoa kwayo kitambo ili tuyaone. Daudi alizaliwa Bethlehemu, na bila shaka alikunywa maji ya kisima kilicho karibu na lango mara nyingi bila kuyawaza. Hata alipokuwa ngomeni, na jeshi la Wafilisti limeukalia mji wao, ndipo alipotamani kwa nguvu mtu amnyweshe maji ya kisima kile (2 Samweli 23:15). Kila asafiriye ajua tamaa hiyo. Sisi nasi tulipokaa majuma kadhaa katika nchi ya Ujerumani, tukikaribishwa kwa upendo mwingi na Wakristo wa huko, tulilala katika vitanda vizuri na kula chakula kizuri, hatukupungukiwa na kitu. Lakini usiku tulisikiliza, tukajua ya kuwa twakosa sauti ya maji ya mfereji, na ng'ombe anayetafuna zizini, na jirani anayekohoa ng'ambo ya migomba. Tulipokuwa nyumbani hatukujua kwamba twavisikia.

Walakini tusiishie hapo, maana habari ya Daudi haikuishia kwenye tamaa. Mashujaa watatu walipenya kambi ya adui, wakateka maji, wakamletea. Naye hakukubali kuyanywa, aliyamimina mbele za Bwana, kwa sababu aliona ya kwamba watu wamehatarisha roho zao kwa ajili yake. Daudi aliyatamani maji ya kwao, lakini alipoyapata mkononi aliona gharama yake.

Hapa ndipo wengi wetu turudio tunapokwama. Twayapenda maji, na gharama yake hatuitazami. Twasema, Jinsi nilivyokumbuka ndizi za nyumbani! Lakini ndizi hizo zimekujaje? Katika vijiji ambamo mifereji ya zamani yatumika hata leo, maji hayaji yenyewe. Hushikwa juu katika kijito cha msituni, yakaongozwa katika mtaro ambao babu zetu waliuchimba ubavuni mwa mlima, yakagawanywa kwa zamu, huyu asubuhi na huyu jioni. Mvua ikibomoa ukingo, wenye mfereji huitana na majembe yao. Wasipokwenda, wote hukosa maji. Majani ya ng'ombe nayo hukatwa nchi ya chini na kupandishwa mlimani, mara nyingi juu ya kichwa cha mwanamke. Ng'ombe akiisha kula, samadi yake yarudishwa migombani. Migomba yaipa mibuni kivuli, na vigogo vyake hulishwa ng'ombe tena. Mzunguko huo hauna sikukuu. Ukisimama miezi miwili tu, aliyeko mjini hatakuta kitu cha kukumbuka.

Basi apendaye nyumbani kwa kweli hupenda na kazi iliyoitunza, tena huwaheshimu walioifanya. Mwana aonjaye kiburu cha mama yake aanze kwa kushukuru, kisha aulize, Mama, mwaka huu maji yalikuwaje? Ni nani aliyekusaidia kukata majani? Maswali hayo mawili yana heshima kuliko kanga mbili mpya, ingawa na kanga ni njema.

Tena tujihadhari na kumbukumbu zetu, maana huweza kusema uongo. Wana wa Israeli jangwani walikumbuka samaki wa Misri, na matango, na vitunguu (Hesabu 11:5), wasikumbuke mijeledi. Vivyo hivyo yuko mtu aliyerudi kutoka mjini ambaye kila siku asifu taa na barabara za huko, wala hasemi habari ya chumba kimoja cha kupanga, na kodi, na majirani wasiojua jina lake. Na yuko mwingine aliye mjini ambaye asifu kijiji chake kana kwamba ni bustani ya Edeni, wala hakumbuki magomvi ya mipaka na magonjwa ya watoto. Wote wawili wanatumia mahali wasipokuwapo ili kudharau mahali walipo. Naamani naye aliisifu mito ya Dameski alipoambiwa aingie Yordani (2 Wafalme 5:12), na kama asingaliwasikiliza watumishi wake, angalirudi kwao na ukoma wake.

Jambo la pili: Samweli alikuwa na kazi Rama.

Maandiko hayasemi ya kuwa alirudi kupumzika tu. Huko nako aliwaamua watu. Aliyekuwa mwamuzi Betheli hakuacha uamuzi wake mlangoni alipoingia nyumbani.

Nalo ni gumu. Kuamua neno kati ya watu wa Gilgali, ambao utawaacha kesho, si kazi kubwa kama kuamua kati ya ndugu zako wawili wanaogombania kipande cha kihamba. Ugenini twavumilia, twacheka na watu, twaomba radhi upesi. Nyumbani twanyamaza miaka mitatu kwa sababu ya mche mmoja wa isale uliong'olewa mpakani. Nanyi mwajua ya kuwa kwa desturi yetu jani la isale ndilo achukualo mtu aendaye kuomba msamaha. Desemba inapowakusanya ndugu wote katika kihamba kimoja, yapo majani ya isale ya kutosha. Anayekosekana ni mtu wa kulichuma.

Mtu yule wa nchi ya Wagerasi, aliyetolewa pepo wengi, alimsihi Bwana Yesu amruhusu kufuatana naye. Nani asingependa safari ya namna hiyo? Lakini Bwana hakumruhusu. Alimtuma nyumbani kwake, kwa watu wake, awaeleze mambo makuu aliyotendewa na jinsi alivyorehemiwa (Marko 5:18–20). Watu hao walikuwa wamemjua uchi, akipiga kelele makaburini. Kushuhudia mbele ya wageni kungalikuwa rahisi zaidi. Bwana alimchagulia lililo gumu, kwa sababu huko ndiko rehema ya Mungu ingeonekana wazi.

Na Bwana mwenyewe alifanyaje? Alipokuwa mtoto wa miaka kumi na miwili alisafiri mpaka Yerusalemu, akaketi hekaluni katikati ya walimu, wote wakastaajabia majibu yake. Kisha alishuka pamoja na wazazi wake mpaka Nazareti, akawatii (Luka 2:51). Alipoanza kuhubiri alikuwa amepata miaka kama thelathini (Luka 3:23). Hesabuni wenyewe: baada ya hekalu, miaka kama kumi na minane nyumbani, kazini kwa seremala, katika mji mdogo ambao Nathanaeli hakutegemea jema kutoka kwake. Mwana wa Mungu hakuihesabu miaka hiyo kuwa ni ya kungoja tu. Basi ni nani atakayesema ya kwamba maisha ya siku zote nyumbani ni maisha ya walioshindwa?

Dr. Martin Luther aliyaona hayo kwa njia ngumu. Yapata mwaka 1510, akiwa bado mtawa, alitumwa Roma, akaenda kwa miguu akivuka milima mirefu, akitumaini kuona utakatifu katika mji ule. Akarudi bila kupata alichokitafuta. Hata mwaka 1520, katika kitabu alichowaandikia wakuu wa Ujerumani, aliwaonya watu juu ya safari za kuhiji Roma. Alitoa mfano wa mtu atumiaye fedha nyingi kwa safari ambayo Mungu hakumwagiza, huku mkewe na watoto wake wanataabika nyumbani, ambao Mungu amemwagiza kuwatunza. Na mwaka 1522, alipoandika juu ya ndoa, alisema habari ya baba afuaye vitambaa vichafu vya mtoto wake mchanga: watu humcheka, lakini akiifanya kazi hiyo kwa imani, Mungu hufurahi pamoja na malaika zake. Ndugu zetu wanaume, neno hilo limepita miaka 500, na bado ni wachache tulioliamini.

Lakini Maandiko hayatufichi jambo lingine, nalo latuhusu sisi watumishi kuliko wote, yaani wachungaji na wainjilisti na wazee wa kanisa tunaozunguka mitaa. Samweli aliyerudi Rama kila mwaka alikuwa na wana wawili, Yoeli na Abiya. Aliwafanya waamuzi huko Beer-sheba, nao hawakufuata njia za baba yao. Walipenda fedha, wakapokea rushwa, wakapotosha hukumu (1 Samweli 8:1–3). Maandiko hayasemi sababu yake, wala sisi hatuna ruhusa ya kuongeza. Yatosha kuogopa. Mtumishi aweza kuwapatanisha watu wa sharika tatu, na nyumbani kwake mwenyewe watoto wasimjue ila kwa koti lake la safari. Mtu asiseme, Nafanya kazi ya Mungu, Mungu atanifanyia ya nyumbani. Ya nyumbani nayo ni kazi ya Mungu, wala hakumpa mwingine.

Jambo la tatu: Samweli alimjengea Bwana madhabahu huko Rama.

Betheli palikuwa mahali patakatifu tangu siku za Yakobo, na Gilgali tangu siku za Yoshua. Samweli alipita katika mahali hapo pote. Angaliweza kusema, Nimekwisha kuomba Betheli, nikifika nyumbani nitalala. Bali alijenga madhabahu mahali alipokula na kulala.

Mwisho wa mwaka 1528 Luther alipewa kazi ya kuzikagua sharika za Saksonia. Alizunguka vijijini, akaona wakulima ambao hawakujua Sala ya Bwana wala Imani wala Amri Kumi, na wachungaji wengi wasioweza kufundisha. Alirudi kwa huzuni kubwa. Nini alichofanya aliporudi? Mwaka 1529 alitoa Katekisimo Ndogo, kile kitabu chembamba tulichojifunza sote. Nasi twapenda mkumbuke hili: katika vichwa vya sehemu zake aliandika ya kwamba ndivyo baba mwenye nyumba atakavyowafundisha watu wa nyumba yake kwa urahisi. Alikiandika ili kisomwe hata mezani na kitandani, pamoja na sala za asubuhi na jioni na sala za chakula. Msafiri yule alikuwa ameona uhaba wa nchi nzima, akatafuta dawa yake katika kila nyumba. Na katika ombi la mkate wa kila siku alitufundisha kuhesabu ndani yake nyumba na shamba na mifugo, mke na watoto wema, na hata majirani waaminifu. Tukisema Baba Yetu huku twadharau vitu hivyo, twaomba kwa mdomo kile tunachokitupa kwa mkono.

Katika mji wa Wittenberg iko nyumba aliyokaa Luther na mkewe Katharina, iliyokuwa zamani nyumba ya watawa. Mlango wake wa mawe uliwekwa mwaka 1540, nao una viti viwili vya mawe, kimoja upande huu na kimoja upande huu, mtu apate kuketi mlangoni na jirani yake. Watu wamesafiri kutoka pande zote za dunia kuja kuiona nyumba hiyo. Nasi tuliposimama mbele ya mlango ule tulistaajabu, kwa kuwa tumetoka mbali sana ili kuona mahali pa kuketi mlangoni, na ndani yake chumba ambamo watu walikula wakazungumza Neno la Mungu. Vitu hivyo viwili viko katika kila kihamba. Benchi liko, na meza iko. Yafaa kuuliza kama Neno liko.

Kwa hiyo aliyerudi kutoka safarini asiingie nyumbani kama mgeni anayengoja kuandaliwa. Jioni ile ya kwanza, kabla ya habari za mjini, awakusanye watu wa nyumba, amshukuru Mungu aliyewalinda wao na yeye, wasome kipande cha Maandiko, waimbe wimbo mmoja. Lakini asimnyang'anye mama yake nafasi, ikiwa yeye ndiye aliyeshika sala ya jioni peke yake mwaka mzima. Huyo ndiye aliyekuwa kuhani wa madhabahu hiyo. Amwombe aendelee, naye aitikie Amina.

Na asiyeweza kurudi, kwa kazi au kwa umaskini au kwa ugonjwa, asidhani kwamba yuko mbali na madhabahu. Mwaka 1530 Luther alikaa kama nusu mwaka katika ngome ya Coburg, asiweze kwenda kwao. Katika siku hizo za mashaka makubwa ya Kanisa alipata nafasi ya kumwandikia mwanawe Hans, mtoto wa miaka minne, barua juu ya bustani nzuri ya watoto wanaopenda kusali na kujifunza. Baba uliye Dar es Salaam au Uarabuni, simu i mkononi mwako. Usiitumie kuuliza habari za fedha peke yake. Mwite mtoto wako kwa jina, uombe naye.

Hatuna budi kusema neno moja tena, tusije tukawaumiza wengine kwa maneno ya furaha. Wako wasio na nyumbani. Yuko mjane ambaye mumewe alipokufa shemeji zake walimfukuza katika kihamba alichokilima miaka ishirini. Yuko mkimbizi ambaye nyumba yake ilichomwa moto. Yuko msichana ambaye nyumbani palikuwa mahali pa kupigwa. Hao hatuwaambii, Furahieni nyumbani kwenu. Twawaambia ya kwamba Bwana Yesu mwenyewe hakuwa na mahali pa kulaza kichwa chake (Mathayo 8:20), na ya kwamba mababa wa imani walikiri kuwa wao ni wageni na wasafiri, wakitazamia mji ulio bora (Waebrania 11:13–16). Na ninyi mlio na nyumba, nyumba yenu haijawa na madhabahu maadamu mjane wa ndugu yenu analia nje ya mpaka. Mrudishieni kwanza. Kihamba ni zawadi, si mungu, na zawadi iliyoshikwa kwa dhuluma huoza mkononi.

Ninyi walimu na wainjilisti, twawaomba neno katika majuma haya. Msiwatumikie wageni wa Desemba tu kwa kuwa sadaka zao ni nene. Tajeni mbele ya kanisa, kwa shukrani, kazi ya wale waliobaki: waliosafisha mfereji, waliofagia kanisa, waliowauguza wazee, waliozika wafu. Wapeni nafasi ya kusimama na kushuhudia, kama mnavyowapa waliotoka mbali. Na watoto wasikie.

Wachungaji wale wa Bethlehemu waliona usiku mmoja yale ambayo wafalme hawakuyaona. Malaika walisema nao, wakamwona Mwokozi katika hori. Kisha Luka asema ya kuwa walirudi, wakimtukuza Mungu na kumsifu (Luka 2:20). Walirudi wapi? Kwa kondoo wao. Makonde yalikuwa yale yale, na baridi ile ile, na kazi ile ile ya kukesha. Hawakupewa makonde mapya. Walipewa sifa mpya vinywani mwao. Ndugu, Krismasi ikiisha, na turudi namna hiyo: wa mjini mjini, wa shambani shambani, kila mtu kwa kundi lake.

Tuombe. Ee Bwana Mungu wetu, umelinda kutoka kwetu na kuingia kwetu. Utupe macho ya kuona ulichotupa, na midomo ya kushukuru, na mikono ya kufanya kazi mahali ulipotuweka. Uwafariji wasio na nyumba, uwapatanishe ndugu waliokosana, uwatie nguvu waliobaki, uwarudishe salama walio mbali. Na safari yetu ya mwisho itakapokwisha, utupokee nyumbani mwako, kwa ajili ya Yesu Kristo Mwana wako, Bwana wetu. Amina.